Askari wa kwanza kufika aingie, au asubiri kikosi maalumu?

Mlinzi wa Lango

Ndugu wanajukwaa, ninaomba msaada wa wenye ujuzi. Ninasimamia walinzi katika chuo kimoja nchini Kenya, na mwezi uliopita tulifanya zoezi la kujiandaa kwa shambulio la bunduki, ambapo maofisa wawili wa polisi walialikwa kutufundisha. Wa kwanza alisisitiza kwamba kazi ya walio karibu ni kuzingira jengo, kuzuia watu wasikaribie na kusubiri kikosi maalumu. Wa pili, baada ya chai, akasema kwamba askari anayesubiri nje huku risasi zinalia ndani anamsaidia muuaji. Walinzi wangu, ambao silaha yao kubwa ni rungu na redio ya mkononi, walibaki wakitazamana, nami sikuwa na la kuwaambia.

Ninakumbuka kwamba katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, raia wenye bunduki za leseni na askari kanzu wachache waliingia mapema na kuwatoa watu wengi wakiwa hai. Ninakumbuka pia Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, ambako jengo lilizingirwa kutwa nzima na waliouawa wakafika 148. Je, mafunzo ya polisi ya sasa yanasemaje, na kuna lolote lililobadilika baada ya Westgate?

Afande Mstaafu

Maofisa wako hawakukosea. Kila mmoja alieleza tukio la aina yake bila kukuambia kwamba yapo ya aina mbili. Mtu aliyejifungia ndani na mateka, akidai fedha, gari au kuachiliwa kwa mwenzake, anashughulikiwa kwa subira, kwa kuwa muda ni mali ya polisi: atachoka, atasikia njaa, atazungumza. Mtu anayeua chumba hadi chumba hadai chochote, na kila dakika ni yake. Kosa kubwa ni kumtendea huyu wa pili kana kwamba ni yule wa kwanza.

Wamarekani walilipia somo hilo katika shule ya Columbine mwaka 1999, ambako askari wa doria walizingira jengo na kusubiri kikosi maalumu, kama walivyofundishwa, huku mwalimu mmoja akivuja damu kwa saa kadhaa hadi akafa. Baada ya hapo mafunzo yakageuzwa: wanaofika kwanza, hata wakiwa wawili tu, wafuate mlio wa risasi, tena wawapite majeruhi bila kusimama, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosomeka. Hata hivyo, Mei 2022 katika shule ya msingi huko Uvalde, jimboni Texas, askari 376 walifika na mshambuliaji akakabiliwa baada ya dakika 77, wakati watoto waliokuwa ndani wakipiga simu kuomba msaada. Mafunzo walikuwa nayo. Waliokuwa mbele walimhesabu kuwa mtu aliyejifungia tu, na wengine wakafuata hesabu hiyo.

Kuhusu Westgate, wengi huzungumzia ujasiri, nami ningependa tuzungumzie kamandi. Shambulio lilianza mchana wa Jumamosi tarehe 21, na alasiri Recce, kikosi maalumu cha GSU (polisi wa kutuliza ghasia), kilikuwa kimeingia na kuanza kuwabana washambuliaji, ndipo wanajeshi nao wakaingia. Hapakuwa na kamanda mmoja juu ya wote, na ndani walikuwamo watu wenye bunduki waliovaa kiraia. Wanajeshi wakawafyatulia risasi polisi, kamanda mmoja wa Recce akafa kwa mkono wa wenzake, na kikosi chake kikatoka nje. Tukio lililokuwa limekaribia kudhibitiwa likaendelea hadi tarehe 24, sehemu ya jengo ikaporomoka, na watu 67 wakahesabiwa kuuawa mbali na washambuliaji. Serikali ilikuwa ikitaja washambuliaji 10 hadi 15. Waliothibitishwa baadaye ni wanne.

Nikiwa bado kazini tuliendesha zoezi juu ya jambo hilohilo. Kila askari kanzu alifungwa kitambaa mkono wa kushoto, cha rangi iliyotangazwa asubuhi hiyohiyo, lakini mara ya kwanza tuliacha makusudi kuwaambia wale waliovaa sare. Kati ya askari kanzu wanne, wawili walitoka wakiwa na madoa ya risasi za rangi kifuani, na aliyewapiga alikuwa analala bweni moja na mmoja wao.

Garissa ni suala la umbali. Risasi zilianza alfajiri, Recce walikuwa Nairobi, na walipofika mchana na hatimaye kuingia jioni, walimaliza kazi kwa muda mfupi sana. Kikosi bora kilicho mbali kiasi hicho hakiwezi kuwa jibu la dakika kumi za kwanza. Katika hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, polisi waliongoza operesheni tangu mwanzo, watu wapatao 700 wakaokolewa, na shambulio likamalizwa asubuhi iliyofuata. Watu 21 waliuawa, nao ni wengi, lakini mabadiliko uliyoyaulizia yanaonekana hapo.

Kijana wa Upanga

Shikamoo Afande. Ningeongeza tukio la Dar es Salaam la tarehe 25 Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, kwa sababu linabadilisha swali lenyewe. Pale askari hawakuitwa. Walikuwa tayari barabarani, katika kazi zao za kila siku, na ndio walioshambuliwa. Mtu mmoja aliwaua askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi kabla ya kuuawa, akitumia pia silaha alizowapora. Kwa maoni yangu somo la kwanza pale ni namna askari wa kawaida anavyobeba silaha yake na anavyomruhusu mtu asiyemjua kumkaribia, mambo ambayo mazoea huyalegeza. Somo la pili linatuhusu sisi raia: milio ilikuwa bado inasikika huku watu wakinyoosha simu zao warekodi.

Mlinzi wa Lango

Marahaba nawaachia wakubwa. Mimi nasema asanteni kwa elimu hii. Lakini mlinzi wangu mwenye rungu afanye nini katika dakika hizo kumi? Siwezi kumwambia afuate mlio wa risasi.

Muuguzi wa Zamu

Usimwambie hivyo. Mfundishe kuwaondoa watu kwa njia isiyoonekana kutoka ndani, kisha mfundishe kuzuia damu. Jeraha la mguu au mkono linaweza kuua kwa dakika chache, na linaweza kuzuiwa kwa kukandamiza kitambaa kwa uzito wa mwili wote, au kwa kufunga mkanda maalumu wa kubana juu kidogo ya jeraha, upande wa kuelekea kiwiliwili, na kuandika saa ulipofungwa. Nimewapokea majeruhi waliofungwa leso kwa adabu, juu ya nguo, ikiwa imelowa chapachapa. Kufunga kwa kweli kunauma, na majeruhi atapiga kelele, usilegeze.

Afande Mstaafu

Nami naongeza kwamba askari wa kwanza kufika hajui ngazi ziko wapi wala ni mlango upi unaofunguka. Kule Uvalde walihangaika kujaribu rundo la funguo, ilhali uchunguzi ulionyesha kwamba yaelekea mlango wa darasa haukuwa umefungwa. Mlinzi wako amlaki askari langoni akiwa na ramani na funguo zenye alama, amweleze risasi zilisikika wapi mara ya mwisho, kisha aondoke.

Mlinzi wa Lango

Nimekagua jioni hii. Bweni la wasichana lina milango miwili. Wa nyuma una kufuli, na ufunguo wake anao mlezi anayeishi nje ya chuo. Kesho saa mbili asubuhi ninaonana na msajili.