Kikundi: SHULE YETU IRUDI

Mwenyekiti wa Mtaa 06:12
Habari za asubuhi wapendwa. Mhandisi alikuja jana jioni, kazunguka jengo lote na nyundo yake mkononi. Madarasa yale matatu yaliyoezuliwa HAYABOMOLEWI. Msingi mzima, kuta nzima, ufa uko ukuta wa nyuma tu na unazibika. Kwa hiyo yale maneno kwamba watoto wanahamia shule ya ng'ambo ya mto moja kwa moja, naomba yaishe.

Mama Kulwa 06:14
Asante Mwenyekiti!! Nimesoma nikasahau maandazi jikoni, leo wateja watakula yaliyobabuka

Bodaboda Juu 06:15
Nipunguzie bei basi mama 😂

Mama Kulwa 06:15
Ulipe kwanza ya juzi

Mwalimu Mstaafu 06:31
Mwenyekiti, msingi ule usingeweza kuharibika. Tuliupiga 1977. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifike mwaka huo kila mtoto awe darasani, na huku kwetu madarasa hayakuwepo. Mawe yalishuka kutoka mlimani mkono kwa mkono, watu wamejipanga mstari hadi pale kwenye mwembe. Mimi nilikuwa kijana, nimewekwa katikati ya mama zangu wawili, hakuna kupumzika.

Mama Kulwa 06:33
Shikamoo Mwalimu. Mama mkwe wangu anasema alikuwepo, na anasema wewe ulikuwa unatoroka kwenda kunywa maji

Mwalimu Mstaafu 06:34
Marahaba. Mwambie asalimiwe na aache uchochezi.

Mwenyekiti wa Mtaa 06:50
Tuje kwenye kazi. Napendekeza kila kaya shilingi 10,000, mwisho Ijumaa hii.

Mama Neema 06:52
Mwenyekiti samahani, ila tuelewane mapema. Mchango ni wa mzazi na ni hiari. Asije mtoto akasimamishwa mstarini eti kwao hawajatoa. Elimu haina ada tangu 2016, na 2018 Rais Magufuli aliongea mwenyewe hadharani kuhusu watoto kusumbuliwa kwa michango.

Mwenyekiti wa Mtaa 06:54
Sahihi kabisa. Walimu hawatagusa hela wala daftari. Tunakusanya sisi kwa ridhaa ya mkutano.

Baba Shija wa Kampi 07:20
Nimeamka sasa hivi. Mwenyekiti shikamoo. Ijumaa hii hupati hela mwaloni. Mbalamwezi hii, mitumbwi yote iko nchi kavu. Mwezi ukiwaka dagaa hawasogei kwenye taa, mvuvi anaishi kwa mkopo wa dukani. Subirini giza. Na siku za kwanza za giza ni za kulipa madeni na mafuta ya injini. Baada ya hapo ndiyo mtu anakuwa na kitu mfukoni, hata huo elfu kumi hataulizia mara mbili.

Bodaboda Juu 07:22
Sasa kama ni mbalamwezi si vijana wote wa kampi wapo tu wanacheza bao? Waje waponde kokoto

Baba Shija wa Kampi 07:23
Hapo umeongea, ingawa mdomo wako siupendi. Vijana wangu nawaleta kesho asubuhi. Tajiri wa kampi ya pili naye namuongelesha leo.

Mwalimu Mstaafu 07:25
Hiyo ndiyo ratiba. Nguvu kazi mbalamwezi, fedha giza. Mwenyekiti andika hivyo.

Dada Pili (Dar) 07:41
Nawasalimu nyote. Nilisoma hapo hadi la saba. Nitachangia ila msiniambie "toa chochote ulichojaliwa", nitatoa kidogo 😅 Niambieni bati moja shilingi ngapi, ninunue bati kadhaa zikiwa na jina langu

Fundi Doto 07:48
Dada Pili nakuletea bei ya dukani leo jioni. Geji 28. Tusishawishike na zile laini za bei rahisi.

Fundi Doto 07:55
Na niseme kwa nini paa liliondoka, maana watu wanasema ni mkono wa mtu. Nilipanda juu kuangalia. Kenchi, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimekalia ukuta tu, hazikufungwa popote. Upepo wa ziwani umeingia barazani, umekuta dari hakuna, ukanyanyua mbao na bati vyote pamoja kama kifuniko cha sufuria. Mbao zilizoanguka bado zina misumari yake, maana yake bati halikung'oka kwenye mbao, kilichong'oka ni kenchi kwenye ukuta. Safari hii tunaacha vipande vya nondo vimechomoza kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, tunavikunja juu ya kenchi. Nondo zenyewe ni hela ndogo tu.

Mama Neema 07:58
Kumbe! Na yule mzee wa watu alivyosemwa mtaa mzima jamani

Mwenyekiti wa Mtaa 07:59
Hilo lisirudi humu.

Bodaboda Juu 08:03
Mchanga upo bure pale ufukweni, naita guta tu

Mwenyekiti wa Mtaa 08:05
Hapana. Ndani ya mita 60 kutoka majini sheria ya mazingira hairuhusu. Tukamatwe tukijenga shule?

Mama Kulwa 08:10
Na vyoo? Mabinti wa darasa la sita wanapanga foleni mapumziko yote

Mwalimu Mstaafu 08:16
Mwongozo ni tundu moja kwa wasichana 20, wavulana 25. Tuliandike kwenye ombi letu la msaada kwa halmashauri. Na hapa nisikilizeni vizuri, hasa vijana. Michango yetu itamaliza paa. Sakafu, madawati na vyoo ni vya serikali, na serikali inahitaji karatasi. Barua yetu ya kwanza ya kuomba ilirudi kwa sababu haikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa. Tuitishe mkutano, mahudhurio yasainiwe, muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aubebe kwenda halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inapangwa miezi mingi kabla. Ukichelewa unasubiri mwaka mwingine, na watoto wa awali wanaendelea kuvuka ule mto.

Baba Shija wa Kampi 08:19
Ule mto jana asubuhi viboko wawili walikuwa bado wanatoka malishoni. Watoto wamesimama huku wanawasubiri wao ndio wapite kwanza

Mama Neema 08:20
Mungu wangu

Dada Pili (Dar) 08:24
Mwalimu, nasikia mtaala mpya msingi unaishia la sita. Darasa moja si litabaki wazi?

Mwalimu Mstaafu 08:29
Ni kweli, 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja. Lakini hicho chumba kitakachobaki ni kile ambacho leo wanakaa madarasa mawili yamegeuziana migongo. Halibaki kitu.

Mwenyekiti wa Mtaa 08:40
Mkutano mkuu Jumapili saa tisa alasiri, shuleni. Njooni na kalamu, sahihi tu, msiandikiane majina. Kesho saa moja asubuhi kokoto. Mama Kulwa uji?

Mama Kulwa 08:42
Uji upo, sukari mje nayo. Bodaboda alete na ile hela ya juzi

Bodaboda Juu 08:43
Naleta nyundo