Kipindi cha muziki wa majaribio: kwa nini mnatukatia muziki?

Wakuu,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Redio moja ya FM hapa Dar es Salaam ina kipindi cha usiku wa Jumamosi kinachojinadi kuwa ni cha muziki wa majaribio na mahojiano na wanamuziki. Silitaji jina la kituo wala la mtangazaji, kwa kuwa wanaokisikiliza wanakifahamu. Kilipoanza nilishukuru, kwa sababu saa hiyo masafa mengine yanarusha uchambuzi wa Ligi Kuu ya Uingereza na matangazo ya kubeti. Sasa nakisikiliza huku nikisaga meno.

Kosa lao kubwa ni kukata muziki. Kazi nyingi za aina hii hazina kiitikio cha kusubiriwa. Zinajengwa kwa muda, sauti moja ikishikiliwa na kubadilika polepole kiasi kwamba msikilizaji huyatambua mabadiliko yakiwa yameshatokea. Mtangazaji anaweka kazi ya dakika 20, anaiacha kwa dakika mbili, kisha anapanda juu yake kusoma salamu za wasikilizaji wa Tabata na Mbagala, na baadaye anaishusha kabisa huku akicheka kwamba mwenye kuelewa amweleze na yeye. Ni sawa na kumnyang'anya mtu sahani akiwa hajameza tonge la kwanza, halafu ukamuuliza kama ameshiba.

Jumamosi iliyopita walivuka mpaka. Ilipigwa kazi yenye vipindi virefu vya kimya, na kila kimya kilipofika, jingo la kituo (kile kipande kifupi cha kutangaza jina lake) lilijilipukia lenyewe, honi na mwangwi juu. Wanaojua mitambo wanafahamu kilichotokea: vituo huwa na kifaa kinachopima sauti inayokwenda hewani, na sauti ikipotea kwa sekunde kadhaa, kifaa hudhani mitambo imekufa na kurusha sauti ya akiba. Ulinzi huo una maana yake. Lakini fundi anaweza kuongeza muda wa kusubiri, au kukizima kifaa kwa saa hiyo moja, iwapo kuna mtu aliyemwambia kwamba kutakuwa na kimya. Ni dhahiri hakuna aliyemwambia, na nina shaka kama kuna aliyeisikiliza kazi hiyo kabla haijapigwa. Zaidi ya hapo, mtambo unaoinua sauti ndogo na kubana sauti kubwa, ili kituo kisikike vizuri ndani ya daladala, unaachwa uendelee kufanya kazi yake hata kwenye muziki ambao uhai wake wote ni tofauti kati ya mnong'ono na kishindo.

Mahojiano nayo ni aibu. Aliletwa kijana anayetengeneza singeli, akaulizwa habari za mchumba, akaulizwa ana ugomvi na nani, kisha akaambiwa muziki wake una kasi mno na hauna ujumbe. Hakuulizwa namna anavyochukua kipande cha taarab, akakikata na kukiharakisha hadi kuvuka mapigo 200 kwa dakika. Muziki huu umetoka Manzese, Tandale na Mburahati, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, uliosikilizwa kwa makini Ulaya. Studio ya mtangazaji wetu iko katika jiji hilohilo, naye anauliza habari za mchumba!

Kilichoniudhi kupita vyote ni kauli yake kwamba muziki wa majaribio ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1944, jijini Cairo, mtunzi wa muziki Mmisri Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akarekodi zaar, ngoma ya kupunga pepo (ambayo sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa) na kuzichakata sauti hizo hadi zikawa kitu kingine kabisa. Mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer alipotoa kazi yake ya kelele za treni katika redio ya Ufaransa, ilikuwa 1948. Wote wawili walitumia vifaa vya redio, na leo ni redio inayouona muziki huu kuwa kero ya kufunikwa kwa salamu.

Nimeshawaandikia kituoni, nikajibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa na niendelee kuwa msikilizaji mwaminifu. Ninachotaka hakiwagharimu hata shilingi: kila Jumamosi wapige angalau kazi moja mwanzo hadi mwisho bila mtu kuzungumza juu yake, fundi apewe taarifa mapema, na mgeni ahojiwe na mtu aliyesikiliza kazi zake kabla hajaketi mbele ya kipaza sauti. Salamu zinaweza kusomwa baada ya hapo, hata zote. Anayemfahamu meneja wa vipindi amfikishie uzi huu kabla ya Jumamosi.