Laptop ya zamani niigeuze fremu ya picha, nianzie wapi?

MamaKulwa_Isevya: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nina laptop ya zamani: kioo kizima, kibodi nusu haiandiki. Mama yangu kahamia kwangu hapa Tabora, na picha za wajukuu ziko kwenye simu yangu, kila akitaka kuziona mpaka anivizie nimekaa. Nataka kioo kikae ukutani sebuleni, picha zijipitie zenyewe. Fundi mmoja kaniambia ning'oe kioo nikichomeke HDMI, ule waya wa picha wa TV. Kweli?

Bisibisi: Hapana dada. Kioo cha laptop hakina tundu la HDMI, kinapokea picha kwa mkanda mwembamba kutoka kwenye bodi kuu ya kompyuta. Kukitumia peke yake lazima ununue bodi ya kukiendesha, inayoendana na namba iliyobandikwa mgongoni mwake. Hela hiyo ya nini, wakati kompyuta nzima unayo? Kigeuze tu kioo, bodi ikae nyuma yake. Mkanda usiukunje kwa nguvu, na zile nyaya mbili nyembamba pembeni ni antena ya Wi-Fi, usizikate.

Mzee_wa_LUKU: Betri itoe kabisa, hasa kama imevimba. Laptop nyingi zinawaka na chaja tu. Umeme usikutishe: ikila wati 25 kwa saa 10, ni robo ya uniti.

doto_linux: Weka Linux nyepesi (mfumo wa kuendesha kompyuta, badala ya Windows) na feh, programu ya kuonyesha picha. Amri ni hii:

feh -F -Z -z -D 20 ~/picha

Picha zinajaza kioo, zinachanganywa, kila moja inakaa sekunde 20. Kwenye mipangilio, zima ile ya kompyuta kulala yenyewe, na ile ya kujizima ukifunga mfuniko.

Kapuku: Kwani lazima ukutani? Ikunje kama hema uiweke kabatini, yaishe.

MamaKulwa_Isevya: @Kapuku kabati lina vyombo vya wageni, thubutu! Asanteni. Seremala wa Ng'ambo ana mninga, anataka vipimo. Kina nimpe ngapi?

Bisibisi: Pima unene wa kioo na bodi vikiwa pamoja, ongeza sentimita mbili. Atoboe matundu chini na juu, joto linapanda. Kama ni ya miaka ya 2000, huenda taa ya kioo ni ya mrija. Kipande kirefu cha inveta, kinachowasha taa hiyo, chini ya kioo usikiguse ikiwa imewaka, kina volti nyingi. Na mninga ni mzito, msumari mmoja hauubebi. Tumia skrubu na plagi za ukutani.