Mama kaandikiwa klarithromaisini, na tayari ana dawa za presha na kolesteroli. Aendelee?

BintiKibosho (mwanzisha uzi)
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni. Mama ana miaka 63, yuko Kibosho, mimi nipo Sakina, Arusha. Ana siku ya tano anakohoa, homa, makohozi ya njano, na ubavu unamchoma akivuta pumzi. Jana alienda zahanati, wakasema ni nimonia ila siyo ya kulazwa. Amoksilini inamtoa mabaka na kumwasha mwili mzima, kwa hiyo wamempa klarithromaisini 500 mg, bahasha imeandikwa 1x2 siku 7.

Dawa zake za siku zote ni amlodipini 10 mg asubuhi na simvastatini 20 mg usiku. Kiungulia kikimshika hutafuna magnesiamu. Hawakumwuliza, na yeye hakusema. Jirani anamshauri aache hiyo anunue azuma (azithromaisini), eti ni ukoo mmoja na inaisha haraka. Ameshameza kidonge kimoja asubuhi. Natanguliza shukrani.

Mfamasia_wa_Zamu
Dada, la haraka kwanza: leo usiku asimeze simvastatini. Mpigie sasa hivi, halafu urudi usome sababu.

Simvastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha kwenye ini na utumbo kinachoitwa CYP3A4. Klarithromaisini inakifunga hicho kimeng'enya, na erithromaisini nayo hivyo hivyo. Simvastatini ikikosa wa kuivunja inarundikana kwenye damu, na ikirundikana inakula misuli. Mgonjwa anaanza kusikia mapaja na mabega yanauma kama aliyelima shamba zima bila kupumzika, kisha mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi. Hapo misuli inameng'enyuka na figo zinaziba. Ndiyo maana simvastatini na klarithromaisini hazipangwi pamoja kabisa. Huwezi kusema utapunguza dozi kidogo. Kukaa wiki moja bila dawa ya kolesteroli hakumdhuru, ataambiwa lini arudie, kwa kawaida ni dozi ya antibiotiki ikishaisha.

Amlodipini nayo hupita njia hiyo hiyo. Yenyewe haikatazwi, lakini nguvu yake inaweza kupanda, presha ikashuka kupita kiasi, hasa kwa mtu wa umri wake ambaye homa imemkausha maji. Kama kuna kipimo cha presha nyumbani apime asubuhi kabla ya kumeza. Akisikia kizunguzungu akisimama, au miguu ikivimba kuliko kawaida, arudi zahanati. Asiiache mwenyewe.

Mangi_Kiborloni
Mnamtisha bure. Amnunulie azuma, 1x3, kesho kutwa mama yuko shambani. Azuma inapiga mafua, UTI, kila kitu.

Tabibu_Mlimani
Mangi, hiyo "1x3" yako ndiyo inayoharibu dozi za watu, nitaieleza kwa kirefu.

Azithromaisini (hiyo mnayoiita azuma) kwa mtu mzima mara nyingi ni 500 mg mara moja kwa siku, kwa siku 3. Kwenye bahasha inatakiwa isomeke 1x1, siku 3. Muuzaji akiandika 1x3 akimaanisha "kimoja, siku tatu", mgonjwa anasoma "kimoja, kutwa mara tatu", na vidonge vyote vitatu vinaisha siku moja. Halafu kuna vidonge vya rangi (kapsuli) vya 250 mg, vinakuja 6: hapo ni viwili kwa mpigo, mara moja kwa siku. Anayemeza kimoja asubuhi, mchana na jioni anamaliza ndani ya siku mbili. Mweleze mama kwa kuhesabu mbele yake, au kwa simu mwambie avipange mezani kwa siku.

Siku 3 zinatosha kwa sababu dawa hii inajificha ndani ya tishu na kutoka taratibu. Nusu ya kiasi chake huchukua karibu saa 68 kuondoka. Ukimeza cha mwisho leo bado inafanya kazi siku kadhaa mbele. Klarithromaisini haikai hivyo, ndiyo maana yake ni kila baada ya saa 12.

Kuhusu mafua: mafua ni virusi, hakuna makrolaidi (huo ukoo wa azithromaisini, klarithromaisini na erithromaisini) inayoyagusa. UTI ya kawaida siyo kazi yake pia. Shirika la Afya Duniani limeziweka azithromaisini, klarithromaisini na erithromaisini zote kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa bakteria huzizoea upesi. Na kila ugonjwa una kipimo chake. Wanaogawa azithromaisini ya vikope kule Longido na Monduli wanampa mtu dozi kubwa ya mara moja tu, 20 mg kwa kila kilo, mtu mzima gramu 1. Ukiiga hiyo kwenye nimonia unakosea, na ukiiga ya nimonia kwenye vikope unakosea vilevile.

BintiKibosho
Nimempigia, hatameza simvastatini. Kwa hiyo jirani alikuwa sahihi kwamba azuma ni bora kwake?

Mfamasia_wa_Zamu
Jirani kapatia nusu. Azithromaisini ni ukoo mmoja, ila karibu haikigusi kabisa hicho kimeng'enya, kwa hiyo ugomvi na simvastatini na amlodipini ni mdogo sana. Kwa dawa anazotumia mama, ningempigia aliyemwandikia nimwombe abadilishe. Maneno yawe mafupi: "Mama ana amlodipini 10 na simvastatini 20, ana mzio wa amoksilini, ameshakunywa klarithromaisini moja, abadilishiwe azithromaisini au doksisaiklini?" Yeye ndiye aliyesikiliza kifua. Wakibadilisha, klarithromaisini inabaki kwenye bahasha, hazimezwi zote mbili. Wakisema aendelee na ya kwanza, inawezekana pia, simvastatini ikiwa imesimama na presha inapimwa.

Ila azithromaisini siyo maji. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba inaweza kuvuruga umeme wa moyo, mapigo yakaenda ovyo. Klarithromaisini na erithromaisini zina tabia hiyo hiyo. Uliza mambo haya: amewahi kuzimia ghafla? Ana ugonjwa wa moyo? Kuna dawa ya kukojoa, kama furosemaidi, inayoshusha potasiamu? Na homa hii asije akaongezewa mseto (dawa ya malaria) kwa kukisia tu. Lumefantrini iliyomo nayo inagusa umeme wa moyo. Apime malaria kwanza, kipimo kikiwa na malaria mwandikaji apange.

Nesi_UsaRiver
Niongeze ya magnesiamu maana wengi hawaijui. Magnesiamu na aluminiamu za kiungulia hupunguza nguvu ya azithromaisini kupanda kwenye damu. Ameze azithromaisini, akae angalau saa mbili ndipo atafune magnesiamu. Wakimpa doksisaiklini, pengo lizingatiwe zaidi, kwa sababu ile inashikwa na magnesiamu tumboni na kupotea nayo. Pia doksisaiklini imezwe kwa maji glasi nzima, asilale hapo hapo, inaunguza koo.

Chakula: azithromaisini za kidonge kigumu hazijali, lakini za rangi (kapsuli) zimezwe saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Klarithromaisini ya kawaida anaweza kumezea na mtori. Akibaki na klarithromaisini, mdomo utakuwa mchungu kama amelamba shilingi. Hiyo ni kawaida, inaisha dawa ikiisha. Erithromaisini ndiyo inayokoroga tumbo kuliko zote, kwa sababu inasukuma misuli ya utumbo kama njaa inavyofanya.

MamaJunior_Njiro
Samahani nachomekea. Nina chupa ya azithromaisini ya maji ya mtoto, ilibaki mwezi uliopita. Mdogo wake anakohoa, kilo 12. Nimpe?

Nesi_UsaRiver
Hapana, dada, imwage. Ikishachanganywa maji ina siku chache tu, zimeandikwa kwenye boksi lake. Na kikohozi cha mtoto mara nyingi ni virusi. Hesabu pumzi akiwa ametulia kwa dakika nzima: mwenye miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au kifua kikibonyea chini ya mbavu, peleka kituoni leo.

Siku utakayoandikiwa mpya, fanya hivi. Gonga chupa mpaka unga uachane na kitako. Maji yachemshwe na kupoa. Weka kiasi kilichoandikwa, tikisa, acha povu litulie ndipo utazame mstari. Wengi wanasoma povu wakadhani imejaa, wengine wanapitisha mstari na dawa inakuwa nyepesi. Ya 200 mg kwa 5 ml, mtoto wa kilo 12 kwa 10 mg kwa kilo anapata 120 mg, yaani 3 ml, mara moja kwa siku, siku 3. Pima kwa sirinji isiyo na sindano. Kijiko cha chai cha nyumbani hakina kipimo. Mtoto wa chini ya wiki sita hapewi bila daktari, na akipewa kisha akaanza kutapika kwa kurusha mbali, arudishwe haraka, njia ya tumbo inaweza kuwa imebana.

Tabibu_Mlimani
Kwa mama wa Kibosho: saa 48 hadi 72 baada ya kuanza dawa, homa iwe imeanza kushuka. Isiposhuka arudi, asiongeze dozi. Asisubiri hata saa hizo akipumua mara 30 au zaidi kwa dakika, akichanganyikiwa, midomo ikiwa bluu, au akitema damu. Kikohozi kikivuka wiki mbili apime makohozi ya kifua kikuu. Macho yakiwa manjano, au akizimia, dawa isimame na aende hospitali. Akivimba uso au koo likibana, hiyo ni safari ya usiku huo huo, bodaboda au gari yoyote.

BintiKibosho
Nimeongea na zahanati. Wamembadilishia azithromaisini 500, bahasha wameandika 1x1 siku 3, aanze kesho saa mbili asubuhi. Simvastatini hataigusa mpaka watakapompigia wenyewe. Magnesiamu nimemwambia isiwe kabla ya saa nne. Anauliza kama balungi la jirani linafaa kwa kikohozi.

Mfamasia_wa_Zamu
Kikohozi halikisaidii. Na siku atakayorudi kwenye simvastatini, balungi aliache kabisa: linafunga kimeng'enya kile kile. Chungwa ruksa.