Beetle ya baba ya 1972 au New Beetle ya 2003: nichukue ipi?

Mwana wa Mukono
Habari zenu wote. Baba ametuachia Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972. Iko nyumbani Mukono chini ya mwembe, imefunikwa turubai, logibuku ipo na injini haijakwama. Jirani anaitaka. Nikiiuza na kuongeza akiba yangu, napata New Beetle ya 2003, lita 2.0, ambayo tayari ina namba za Uganda. Kazi yangu iko Kampala, foleni ya Jinja Road ni ya kila siku. Mnishauri kwa uzoefu, mapenzi ninayo ya kutosha.

Fundi wa Ndeeba
Pole kwa msiba, ndugu. Hizo gari zinafanana sura tu. Ya mzee injini iko nyuma, silinda nne zimelala mbili kila upande, hakuna rejeta wala maji. Feni ndiyo inayozipulizia hewa. New Beetle ndani yake ni Volkswagen Golf 4: injini mbele, inapozwa kwa maji, tairi za mbele ndizo zinazovuta.

Utaambiwa za hewa huchemsha kwenye foleni. Nimefungua nyingi, na karibu kila iliyochemsha niliikuta imevuliwa mabati. Injini ile imezungukwa na mabati membamba, na kuna mpira unaoziba pengo kati ya mabati na bodi ili hewa ya moto ya chini isipande kwenye feni. Fundi mwenye haraka akishusha injini anarudisha nusu ya mabati, mengine yanabaki sakafuni gereji. Tangu siku hiyo feni inavuta joto lile lile lililotoka kwenye silinda. Mwenye gari naye anaacha kifuniko cha nyuma wazi kwa kijiti, akidhani anasaidia. Kagua mabati na mpira kabla hujagusa kitu kingine.

Tapeti, yaani pengo la kwenye valvu, nafasi yake ni milimita 0.15, injini ikiwa imelala usiku kucha na imepoa kabisa. Oili ni lita 2.5 tu na haina filta, ina chujio la waya, kwa hiyo kilomita 5,000 zikifika mwaga.

Mama Wawili, Entebbe
Mimi naendesha New Beetle mwaka wa sita sasa na naipenda. Ina eabegi, ina ABS (breki zisizofunga tairi), na mvua ikinyesha naona vizuri kwa sababu ya AC. Ile ya zamani tanki la petroli liko mbele, karibu na magoti ya dereva. Wanangu siwapakii humo, mnisamehe.

Ila nisikufiche. Pembeni ya injini kuna kiungo cha plastiki kinachopitisha maji. Changu kilipasuka Kajjansi, mshale wa joto ukapanda, nikazima palepale. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani, lakini nilizunguka soko la spea la Kisekka siku mbili nikiulizia cha Beetle, kila duka hakuna. Siku ya tatu kijana mmoja akaniambia, "Mama, ulizia cha Golf." Kikapatikana na kikaingia sawasawa. Na kama hiyo unayoitazama ni automatiki, iendeshe mpaka ipate moto ndipo usikilize giaboksi inavyobadilisha.

Dereva wa Mbale
Nina ya 1974. Mwaka jana jioni ndani ya msitu wa Mabira taa nyekundu ya chaji iliwaka. Kwenye gari nyingine ungesema nitafika tu. Kwenye hii unasimama hapo hapo, maana mkanda mmoja ndio unaozungusha jenereta na feni. Ukikatika huna chaji na huna hewa. Nilikuwa na mkanda wa akiba. Spana ya 21, bisibisi kwenye pengo la puli ili isizunguke, fungua nati, puli inaachana vipande viwili, panga washa zake, kaza. Boda aliyesimama alinimulikia kwa simu. Nikafika Mbale usiku ule ule.

Kijana wa Arua
Mwaka 1962 Beetle ilishinda Safari Rally, enzi mbio zikipita nchi zetu zote tatu. Barabara za wakati ule mnazijua.

Wa Forodha, Busia
Kwa wanaofikiria kuagiza nje: sheria ya 2018 inazuia gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo New Beetle za kizazi hicho hazipiti tena. Zilizopo nchini ndizo hizo. Kizazi kilichofuata kiliisha 2019, na kila mwaka za mwanzo wake zinazidi kufungiwa mlango. Ya zamani ilitengenezwa hadi 2003 kule Puebla, Mexico, zaidi ya milioni 21 kwa jumla, ndiyo maana spea zake bado zinatengenezwa.

Mwana wa Mukono
Asanteni sana. Jumamosi nimetoa turubai na kufungua nyuma. Mabati yote yapo, hata skrubu. Mpira umekauka, unakatika ukiugusa, na mkanda una nyufa. Nyuma ya kiti nimekuta kitambaa cha baba kimefungwa: ndani mkanda mpya, spana ya 21 na bisibisi. Jirani nimemwambia siuzi. Mzee wa Ndeeba, naomba nikuletee Jumatatu kwa kuvutwa.

Fundi wa Ndeeba
Ilete. Hicho kitambaa kiache kwenye gari.