Denis Ten: nimweleze vipi kwa vijana wangu?

Mwalimu wa Sarakasi:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninafundisha vijana sarakasi, na mara kwa mara huniuliza kama wanachokifanya ni mchezo au ni sanaa. Katika kutafuta mfano wa mtu aliyeyabeba yote mawili nimekutana na Denis Ten wa Kazakhstan, aliyeshindana katika kuteleza kwenye barafu kwa muziki, na ambaye aliuawa mjini Almaty tarehe 19 Julai 2018 akiwa na umri wa miaka 25. Kinachonisumbua ni kwamba habari nyingi zinazomhusu huanzia kwenye kifo chake na kuishia hapo hapo: aliwakuta watu wawili wakiiba vioo vya gari lake, akawakabili, wakamchoma kisu pajani, naye akafia hospitalini kwa kupoteza damu. Sipendi vijana wangu wamjue kwa kisu hicho tu. Naomba wanaoufahamu mchezo huu wanieleze alikuwa na nini hasa, na nianze kuwaonyesha wapi.

Mama Salha:

Mwalimu, nashukuru kwa swali hili. Mimi naishi Kanada, ambako mchezo huu una wapenzi wengi, nami ningeanzia mashindano ya dunia ya Machi 2013, yaliyofanyika huku huku, katika mji wa London, Ontario. Ten alikuwa na miaka 19, na mwaka uliotangulia alikuwa ameshika nafasi ya saba. Kila mshindani hucheza programu mbili, fupi na ndefu, kisha alama hujumlishwa. Majaji hupima miruko na mizunguko kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili hupima namna mtu anavyoteleza, anavyouishi muziki na jinsi mchezo wake ulivyopangwa. Wengi huchagua muziki tofauti kwa kila programu. Ten alitumia muziki wa filamu The Artist katika zote mbili, mchezo wenyewe ukiwa umepangwa na mtunzi wa programu Lori Nichol, hata mtu aliyemtazama siku zote mbili aliona hadithi moja ikiendelea kutoka pale ilipokuwa imeachwa. Sijaona wengi wenye ujasiri wa kufanya hivyo mbele ya majaji.

Katika programu ndefu hakuna aliyemfikia. Alipata 174.92, huku Patrick Chan, bingwa mtetezi aliyekuwa akicheza nyumbani na ambaye alianguka mara mbili, akipata 169.41. Hata hivyo Chan alikuwa ametangulia mbali katika programu fupi, na hesabu ilipofungwa Ten alikuwa ameikosa dhahabu kwa alama 1.30. Medali ile ya fedha ilikuwa ya kwanza kwa Kazakhstan katika mashindano ya dunia ya mchezo huu, lakini wapo wengi, nami nikiwamo, wanaoamini hadi leo kwamba siku ile dhahabu ilikuwa haki yake.

Kombo:

Niongeze machache kuhusu malezi yake, kwa maana usanii ule haukuzuka ghafla. Alijifunza kuteleza Almaty katika uwanja wa wazi, kwenye baridi ya kweli, na wakati huo huo alikuwa akisoma muziki. Mwaka 2002 alikwenda Busan, Korea Kusini, pamoja na kwaya ya watoto kwa mashindano ya kwaya. Baadaye alihamia Moscow kufundishwa, na kuanzia 2010 akawa California chini ya kocha Frank Carroll. Alipenda pia kupiga picha na kutunga miswada ya filamu, na aliandaa maonyesho ya barafu nyumbani kwao ili watu wa Almaty wawaone kwa macho nyota waliokuwa wakiwaona kwenye televisheni.

Kuna na jambo la nasaba. Ten alitoka katika jamii ya Wakorea wa Asia ya Kati, ambao mababu zao walihamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti mwaka 1937, na mmoja wa wahenga wake ni Min Keung-ho, jemadari aliyepigana na Wajapani mwanzoni mwa karne iliyopita. Februari 2015 alishinda ubingwa wa Mabara Manne, mashindano ya wachezaji wa nchi zisizo za Ulaya, jijini Seoul kwa alama 289.46, akicheza kwa muziki wa Silk Road Ensemble, kundi lenye jina la Njia ya Hariri. Mtu aliyezaliwa Kazakhstan aliingia katika mji mkuu wa nchi ambayo mhenga wake aliifia, akacheza muziki wa njia ya kale iliyounganisha pande zote mbili. Mimi kila nikiitazama programu ile huona kwamba alijua vizuri alichokuwa akikisema.

Binti Mvita:

Naheshimu nia yako, Mwalimu, lakini tafadhali usikifiche kifo chake. Wizi wa vioo vya magari ulikuwa umeenea Almaty, na wananchi walikuwa wameuzoea kama kero ya kawaida mpaka ulipomchukua kijana huyu. Maelfu walikwenda kumuaga, na wengi wakaanza kudai hadharani kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani na polisi wake wafanyiwe mageuzi. Wauaji wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 18 kila mmoja. Vijana wanastahili kujua kwamba watu wake hawakulia tu, bali walidai jambo.

Mwalimu wa Sarakasi:

Dada, nimekuelewa, na nitawaeleza hilo pia. Je, nianze na programu ipi?

Mama Salha:

Anza na programu ndefu ya 2013, kisha uwaonyeshe Sochi 2014. Pale alikuwa wa tisa baada ya programu fupi, akapanda hadi shaba, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kazakhstan katika mchezo huu. Seoul iache iwe ya mwisho, kwa sababu inahitaji mtazamaji aliyekwisha kumzoea. Waambie pia kwamba PyeongChang 2018, akitoka katika jeraha la kifundo cha mguu, aliishia nafasi ya 27 na hakufika programu ndefu. Wanasarakasi wanajua maana ya kucheza juu ya mguu usiopona.

Kama muda utaruhusu, watafutie na waliomfuata. Machi 2019 Elizabet Tursynbaeva alipata fedha ya dunia huko Saitama, akiwa mwanamke wa kwanza kufanikisha mruko wa salchow wa mizunguko minne katika mashindano ya watu wazima. Oktoba mwaka huo Almaty ikaanza kuandaa mashindano yenye jina la Ten, na Februari 2025 Mikhail Shaidorov, naye wa Kazakhstan, akatwaa ubingwa wa Mabara Manne uliokuwa umerudi Seoul.