Acheni kusingizia "nidhamu ya fedha", biashara ndogo zinauawa na mikataba

Wakuu, kila biashara ndogo ikifungwa wimbo ni uleule: "Hakuwa na nidhamu ya fedha." Inakera! Wengi wanafunga wakiwa bado na wateja mlangoni. Kilichoisha ni fedha taslimu ya kununulia mzigo unaofuata.

Shikeni kalamu. Mkopo wa 1,200, miezi 12, riba "asilimia 3 tu" kwa mwezi. Afisa mikopo anapiga 3% ya 1,200, anapata 36, anazidisha mara 12: riba 432. Rejesho ni 136 kila mwezi, 100 ya deni na 36 ya riba. Sasa tazama mwezi wa 12. Deni lililobaki ni 100, lakini riba ni ileile 36. Hiyo ni asilimia 36 kwa mwezi mmoja! Asilimia 3 hiyohiyo ingepigwa kwenye salio linalopungua, riba yote ingekuwa 234. Na bado kuna ada na bima zinazokatwa juu kwa juu: ukikatwa 60 unaondoka na 1,140, riba unalipia ya 1,200. Pengine rejesho la kwanza linadaiwa kabla mzigo haujauzwa.

Anayeuzia taasisi kubwa ndiye anayeumia kabisa. Anatumia 90 kuhudumia oda ya 100, fedha ya mkopo wa 5% kwa mwezi. Ankara inakaa mezani siku 90. Riba ya miezi mitatu ni 13.5, faida ilikuwa 10. Kazi ameifanya vizuri, mzigo umepokelewa, na amekula hasara. Penye sheria ya kudai kodi ya ongezeko la thamani tangu ankara inapotolewa, analipia kodi fedha ambayo hajaishika.

Kodi ya mauzo ghafi nayo haiulizi faida. Mwenye faida ya 5 katika kila 100 akitozwa 3% ya mauzo, ameondolewa 60% ya faida yake. Akipata hasara, analipa vilevile.

Kosa la mfanyabiashara mwenyewe lipo, nalo ni kupanga bei kwa gharama ya jana. Kanunua bidhaa 10 kwa 80 kila moja, kauza kwa 100, katumia "faida" ya 200. Akirudi kwa muuzaji wa jumla, bei ni 95. Ile 800 inanunua 8. Mtaji umeliwa bila mtu kuiba. Uliza bei mpya ya mzigo kabla ya kugusa faida.

Na kabla ya kusaini mkopo wowote, dai ratiba ya marejesho kwa maandishi, mwezi kwa mwezi. Pitisha kidole kwenye safu ya riba. Kama tarakimu ni ileile kuanzia juu mpaka chini, rudisha kalamu mezani.